Mbwa wa Mlangoni: Najisi Yake na Haki Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuumba kila kilicho na roho na kukijaalia riziki yake. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad:

Katika mambo waliyoyazoea watu wa pwani ni kujiepusha na mbwa. Mtoto hufundishwa tangu udogo wake kuinua kanzu apitapo mbwa, na nyumba nyingi za Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja hazijapata kuingiwa na mbwa tangu kujengwa kwake. Kwa hayo hapana lawama, kwani watu hawa ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu hayo mbwa ni najisi nzito, ambayo haitoki illa kwa kuoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Lakini mtu hakai kwao siku zote. Biashara humtoa pwani ikamfikisha bara, na huko hukuta haja ambazo hakuwa nazo nyumbani, na miongoni mwa haja hizo ni mbwa.

Mji wa Tunduma ni mfano ulio wazi. Ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake ni Nakonde katika nchi ya Zambia. Hupitiwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam, na reli ya TAZARA ambayo kazi ya kuijenga ilimalizika mwaka 1975. Zamani ulihesabiwa katika mkoa wa Mbeya, mpaka mwaka 2016 ulipofanywa mkoa mpya wa Songwe. Hapo hukutana Wanyamwanga walio wenyeji, na Wanyiha wa Mbozi wenye mashamba ya kahawa, na Wandali wa Ileje, na madereva wa malori, na wafanya biashara waliotoka pwani. Mwenye ghala ana mali za watu mikononi mwake, na usiku wa mpakani una wapitaji wengi. Basi hufunga mbwa mlangoni. Mkulima naye huweka mbwa wa kufukuza nyani na nguruwe mwitu katika mahindi, na mfugaji wa bonde la Rukwa huweka mbwa wa kulinda ng'ombe wake.

Basi mas'ala ni haya. Mtu wa pwani, mwenye kusali na kuchunga tohara yake, yuko Tunduma, naye ameweka mbwa kwa haja ya ulinzi. Humtupia makombo kwa mbali wala hamgusi. Siku moja mbwa yule ameacha kula. Amelala pembeni mwa ukuta, ufizi wake umekuwa mweupe, na kupe wamemjaa masikioni. Je, juu ya mtu huyu pana haki yoyote? Ampeleke kwa daktari wa mifugo, ama yatosha kusema, "Ni mbwa tu," akamwacha afe na kesho akatafuta mwingine?

Watu wengi huyadhani mas'ala haya kuwa madogo. Lakini ndani yake mna roho ya kiumbe aliyefungwa mnyororo, na mna roho za watoto wapitao njiani, kama itakavyobainika.

Fasili ya kwanza: Najisi ni hukumu ya jambo gani

Asili ya kosa katika mas'ala haya ni kuchanganya hukumu mbili. Hukumu ya najisi ni hukumu ya nguo, na chombo, na mwili wa mwenye kusali, na mahali anaposujudu. Yamwambia Muislamu aoshe nini kabla ya kusimama mbele ya Mola wake. Haimwambii kuwa kiumbe yule hana roho, wala hahisi maumivu, wala hana haki. Damu ya binadamu ni najisi, na hapana mwenye akili asemaye kuwa mwenye kutoka damu aachwe mpaka afe. Mkojo wa mtoto ni najisi, na mama hamtupi mwanawe kwa sababu yake. Huosha nguo yake, akampakata tena.

Qur'ani yenyewe imemtaja mbwa pasipo kumdhalilisha. Katika Sura ya Al-Kahf wametajwa vijana wa pangoni, na mbwa wao ametajwa pamoja nao, amenyoosha mikono yake kizingitini. Amehesabiwa katika hesabu yao, na khabari yake yasomwa misikitini kila Ijumaa. Katika Sura ya Al-Maida umehalalishwa windo la mnyama aliyefundishwa kuwinda, na mbwa ni wa kwanza katika hao.

Kisha ziko Hadithi zilizo mashuhuri kwa kila mwenye kuhudhuria darasa. Mtu mmoja alishikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka alimwona mbwa akihema na kulamba udongo kwa kiu, akajua kuwa mnyama yule yamempata yale yale yaliyompata yeye. Akashuka mara ya pili, akajaza maji khofu yake ya mguuni, akaishika kwa meno akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamlipa kwa kumghufiria. Masahaba walipouliza kama katika wanyama mna thawabu, Mtume akawajibu kuwa imo katika kila chenye uhai. Na apime mwenye kufikiri: mbwa yule hakuacha kuwa mbwa aliponyweshwa. Mwenye khofu hakusubiri mnyama mwingine aliye tohara apite ndipo afanye wema.

Na Hadithi ya pili ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake lilikuwa ni kumfungia. Hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia mwenyewe. Hapa ndipo ilipo sababu ya hukumu. Mbwa wa jaani hujitafutia, na riziki yake iko kwa Mola wake. Ama mbwa aliyefungwa mnyororo mlangoni mwa ghala, riziki yake imepitishwa mkononi mwa yule aliyemfunga. Hawezi kwenda kutafuta maji, wala majani ayalao mnyama akiugua, wala kivuli. Aliyetia mnyororo ndiye aliyejitwika haki.

Fasili ya pili: Haki ya mnyama asiyeuzika

Imekuja katika Hadithi kuwa mwenye kuweka mbwa pasipo haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku, na wakatolewa katika hukumu hiyo mbwa wa mifugo, na wa mawindo, na wa shamba. Wanavyuoni wengi wamelinganisha na hao mbwa wa kulinda nyumba na mali, kwa kuwa haja ni moja. Basi mwenye ghala wa Tunduma hana dhambi kwa kumweka mbwa wa kulinda mali. Lakini ruhusa hii ni ya haja: aweke kwa kadiri ya haja, wala asiongeze.

Huenda mtu akasema: mbwa katika madhehebu ya Shafii hauziki, wala mwenye kumuua halipi thamani yake, kitu kisicho na thamani kina haki gani? Jawabu ni kwamba haki ya kulishwa haikutoka katika bei. Vitabu vya fikihi vimesema kuwa mwenye mbwa wa manufaa hana milki juu yake, lakini ana mamlaka ya kumshika, wala si halali kwa mtu mwingine kumnyang'anya. Na penye mamlaka pana dhima. Mlango wa nafaka katika vitabu hivyo hivyo wampasa mwenye kushika mnyama amlishe na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa. Tena wametaja kuwa mbwa asiye na madhara si halali kumuua, na kwamba roho yake ni yenye kuheshimiwa.

Na aliyeeleza zaidi ni Imamu Izzuddin bin Abdus-Salam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, sawa na mwaka 1262. Katika kitabu chake cha Kawaid ametaja haki za wanyama juu ya wanadamu, naye akaanza na kuwatumia mali kwa kadiri inayowafaa wa jinsi yao, hata wakizeeka, hata wakiugua kiasi cha kutobakia nafuu yoyote kutoka kwao. Kisha akataja wasitwikwe wasichokiweza, na wasiwekwe pamoja na chenye kuwadhuru. Maneno haya yaliandikwa zaidi ya miaka 750 iliyopita, nayo yamekata udhuru wa mwenye kusema, "Mbwa huyu hanifai tena." Aliyetumikiwa katika siku za nguvu za mnyama, mzigo wa siku za udhaifu wake umo katika makubaliano yale yale.

Jambo jingine lapasa kujulikana, kwani wengi hulipuuza. Wako wanavyuoni wa Kishafii waliosema kuwa mnyama asiyeliwa hauawi hata kwa nia ya kumpumzisha na maumivu yake, na mfano wao ni punda aliyelemaa. Wako wa zama hizi walioruhusu ikiwa daktari amekata tamaa na mateso yamezidi. Mwenye kufikiwa na jambo hilo na amuulize anayemwamini katika elimu yake. Lakini kauli zote mbili zaonyesha kitu kimoja: kuua si njia nyepesi ya kuukimbia ugonjwa wa mnyama. Aliyemchukua mbwa amechukua na maradhi yake.

Ama kumtibu, insafu yataka daraja zitenganishwe. Chakula, maji na kuondolewa mateso ni wajibu. Dawa ambayo nafuu yake yajulikana na gharama yake ni ndogo, kama ya minyoo na ya kupe, iko karibu sana na wajibu huo. Matibabu makubwa yenye gharama nyingi ni ihsani. Awezaye atalipwa, na asiyeweza hana dhambi. Na chanjo ya kichaa haimo katika mlango wa ihsani kabisa, bali imo katika mlango wa kutowadhuru watu, na khabari yake itakuja.

Fasili ya tatu: Lini daktari hungojewa na lini haungojewi wakati

Mwenye haki juu yake hawezi kuitimiza kama hajui dalili. Mnyama hasemi, na mbwa khasa huficha maumivu yake mpaka yamzidi. Basi na aangaliwe kila siku anapopewa chakula, na kuangalia hakuvunji udhu.

Mbwa mkubwa aliyekataa chakula siku moja lakini achangamka na kunywa maji, hungojewa kidogo. Akipita siku nzima hali chochote, ama amelegea, na aitwe daktari. Mtoto wa mbwa hangojewi hata hivyo, kwa kuwa mwili wake hauna akiba.

Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu yenye harufu kali, aghlabu ana ugonjwa uitwao parvo. Virusi vyake vilienea duniani mwaka 1978, na huweza kukaa ardhini kwa miezi mingi. Huyu akicheleweshwa siku mbili aweza kufa kwa kukaukiwa na maji. Ipo chanjo yake, nayo ni bora kuliko dawa.

Ufizi uliokuwa mwekundu ukageuka mweupe ama wa manjano, na mkojo ukawa mweusi kama chai, ni dalili ya damu kuharibika. Katika nchi yenye kupe, sababu yake mara nyingi ni maradhi wanayoyaleta kupe hao. Na palipo na ndorobo, mbwa hupatwa na ugonjwa wao pia. Yana dawa yakiwahiwa. Hapa wengi hukosea kwa kummwagia mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe pasipo kuipima, wakamuua kwa sumu hali ya kuwa walitaka kumponya. Na wako wampao vidonge vya binadamu vya maumivu. Vingi katika hivyo huharibu ini la mbwa, au tumbo lake, au figo zake.

Tumbo lililovimba ghafula, na mbwa ataka kutapika wala hakitoki kitu, mkojo uliofunga, kuhema kwa shida, kutetemeka na kuanguka kwa kifafa, kula sumu ya panya, au panya aliyekufa kwa sumu, kugongwa na gari hata kama amesimama tena, na jike mwenye kusukuma zaidi ya saa mbili pasipo mtoto kutoka: yote haya ni mambo ya saa hiyo hiyo, wala hayangoji asubuhi.

Ama upele, viroboto, masikio yanayonuka, kukonda kidogo kidogo na macho yenye matongo, hayo hungoja siku chache, lakini hayasahauliwi. Na minyoo ya mbwa haikai kwa mbwa peke yake. Mayai yake huanguka mchangani wanapocheza watoto, na iko minyoo ambayo vijana wake hupenya ngozi ya mtu aendaye pekupeku. Tena mwenye kuchinja na atahadhari asimtupie mbwa mapafu na maini mabichi yenye malengelenge, kwani humo mna mdudu ambaye mbwa humrudisha kwa watu, akafanya uvimbe ndani ya maini na mapafu yao.

Katika wilaya na kata mna maafisa mifugo, na watu huwaita mabwana mifugo. Aliye mbali na daktari na aanze kwa huyo. Pia Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayompasa mwenye mnyama kumwangalia. Na Muislamu ni aula kutangulia pale ambapo sheria ya nchi imefika.

Fasili ya nne: Kichaa, na haki ya jirani

Maradhi yote yaliyotajwa, mengi katika hayo mzigo wake ni wa mbwa. Kichaa cha mbwa mzigo wake ni wa mtoto wa jirani.

Ugonjwa huu ni wa kale. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu ya mbwa mwenye kichaa na mtu aliyeumwa naye. Lakini kinga yake haikupatikana mpaka mwaka 1885, chanjo ya Louis Pasteur ilipotumiwa kule Ufaransa kwa mtoto aliyekuwa ameumwa. Ugonjwa huingia kwa mate, katika jeraha la jino au mkwaruzo, ukasafiri katika mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni. Kwa watu wengi safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Katika muda huo chanjo huokoa. Dalili zikisha kudhihiri, mgonjwa ameanza kuogopa maji na pumzi yamshinda, dawa haipo, na karibu kila mmoja hufa.

Inakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Afrika na Asia. Na katika Tanzania makadirio yaliyotolewa mwaka 2002 yalitaja watu wapatao 1,500 kwa mwaka. Karibu wote huumwa na mbwa. Na katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wasiotimia miaka 15. Hao ndio wapitao mlangoni mwa ghala wakienda chuoni na shule.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na mkali huweza kuwa mpole na kujisogeza kwa watu. Hutoa mate mengi, sauti yake hukwaruza, taya hulegea, huuma mawe na miti, huzurura mbali na kwake. Siku chache kabla ya dalili hizo mate yake yameanza kuwa na sumu. Mwenye kumwona na amwepuke, awatoe watoto njiani, na amwite bwana mifugo. Asitie mkono kinywani mwa mbwa kwa kudhani amekwamwa na mfupa.

Aliyeumwa na aoshe jeraha palepale kwa maji ya kutiririka na sabuni, muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akadungwe sindano. Asitie jivu wala mafuta wala pilipili. Na hapa pana jambo la kuangaliwa na mwenye kuchunga tohara: udongo wa kuondolea najisi hautiwi katika jeraha lililo wazi, kwani waweza kuleta pepopunda. Uhai hutangulizwa, na mwenye jeraha ana hukumu ya wenye udhuru, nayo yajulikana katika vitabu vya fikihi. Ama mbwa aliyeuma, ikiwa ana mwenyewe na yawezekana kumfunga kwa salama, hufungwa akaangaliwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada yake, imejulikana kuwa hakuwa na sumu ya kichaa katika mate yake siku ile. Lakini matibabu ya mtu hayangoji siku hizo.

Na huenda mtu wa pwani akadhani kuwa haya ni mambo ya bara. Na aitazame Pemba, kisiwa cha Waislamu na karafuu. Kuanzia mwaka 2010 wataalamu walifuatilia kichaa cha mbwa katika kisiwa hicho, wakakuta minyororo mitano ya ugonjwa ikizunguka kwa pamoja. Mbwa wakachanjwa kisiwa kizima mwaka baada ya mwaka, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ukakoma. Watu wakalegea, chanjo ikasimama, na mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa tena mara mbili, ukaenea. Haukukoma mpaka Oktoba 2018, baada ya kurudiwa chanjo ya kisiwa kizima. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kilirudiwa na ugonjwa kwa kulegea kidogo, vipi mji wa mpakani ambao mbwa wake huvuka kwenda Nakonde na kurudi pasipo pasi? Wataalamu wasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia. Basi mbwa mmoja asiyechanjwa ni tundu katika ukuta wa mji mzima, na mwenye mbwa huyo ni kama aliyeacha moto bila ya kuuzima, akalala.

Wanavyuoni wa Kishafii wamekwisha sema kuwa mwenye mbwa ajulikanaye kwa kuuma, akamwachia huru, hudhamini anachoharibu. Mwenye kujua kuwa chanjo ipo, na kuwa ni sindano moja kwa mwaka, na kuwa mbwa wake hulala njiani, akaacha kwa uvivu, na ajiulize yuko umbali gani na hukumu hiyo.

Fasili ya tano: Hoja za wenye kukataa

Akisema mtu: "Nitamgusaje nimpeleke kwa daktari?" huambiwa: Kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Na kikiwa na umajimaji, maji yapo na udongo upo. Ngariba hugusa damu, na muuguzi hugusa mkojo, na hapana awaambiaye waache kazi zao, huosha, wakasali. Tena mnyororo upo, na mtu wa kuajiriwa yupo. Aliyeweza kumfikisha mbwa mlangoni pake aweza kumfikisha kwa daktari.

Akisema: "Watu masikini hawana dawa, vipi mbwa?" huambiwa: Haki ya mtu hutangulia, hapana shaka. Lakini mwenye ghala hakuambiwa achague baina ya masikini na mbwa. Ameambiwa atoe sehemu ndogo ya faida ya mali ambayo mbwa yule ailinda. Asiyeweza gharama hiyo na asiweke mbwa, akaweka kufuli la pili. Na bei ya kumchanja mbwa ni ndogo kuliko bei ya sindano anazohitaji mtu mmoja aliyeumwa. Mwenye kumhurumia masikini na amchanje mbwa atakayemuuma mwana wa masikini.

Akisema: "Ajali ni ya Mungu," huambiwa: Kweli. Na bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutegemea, aliamrishwa na Mtume amfunge kwanza, kisha ategemee. Chanjo ni kamba ya ngamia yule.

Akisema: "Auawe tu, aje mwingine," huambiwa: Mwenye kichaa huuawa kwa kuondoa madhara, na hata huyo huuawa vizuri, kwa upesi, wala hapigwi mawe na watoto, wala hachomwi moto, kwani imeamrishwa ihsani katika kila jambo, hata katika kuua. Ama mgonjwa ambaye dawa yake yapatikana, kumuua ili kuokoa shilingi ni kumfanya kiumbe wa Mungu kuwa kama kiatu kilichopasuka.

Khatima

Imebainika kuwa najisi ya mbwa iko katika mate yake na mwili wake, nayo huondoka kwa maji na udongo. Dhulma afanyiwayo mbwa iko katika daftari ya mwenye kumdhulumu, na hiyo haiondoki kwa kuoshwa mara saba. Yawezekana mtu akahifadhi kanzu yake isiguswe na pua ya mbwa maisha yake yote, kisha akakutana Siku ya Kiyama na kiumbe aliyekufa kwa kiu katika mnyororo wake, au na mtoto aliyekufa kwa jino la mbwa ambaye yeye alimlisha na hakumchanja.

Basi mwenye mbwa katika mji wa Tunduma, au Vwawa, au Mombasa, au penginepo, na afanye mambo manne: ampe chakula na maji ya kutosha na kivuli, amwangalie kila siku ajue kuugua kwake, ampeleke kwa daktari mapema, kabla ugonjwa haujawa mauti, na amchanje kila mwaka, yeye na majirani zake pamoja. Kisha aoshe mikono yake kama ilivyoamrishwa, na aende kusali.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Ewe Mola, wajaalie waja wako huruma juu ya wasiosema, na uwalinde watoto wa Waislamu na watoto wa watu wote na kila madhara. Amin.